Kishikwambi Mikononi mwa Nani

Teknolojia ya elimu ni kitu chochote kinachowekwa kati ya mwalimu, mtoto na somo ili somo limfikie mtoto vizuri zaidi. Ubao ni teknolojia. Chaki, kitabu, redio, runinga, simu na kishikwambi pia. Siku hizi neno hilo limebanwa likabaki na vitu vyenye kioo na betri peke yake, na mjadala mwingi hupotea njia hapo hapo, kwa sababu vifaa vipya hupimwa kana kwamba havina wazee waliovitangulia. Wazee hao wapo na habari zao zimeandikwa. Ushahidi uliokusanywa tangu miaka ya 1970, sehemu yake kubwa Afrika Mashariki na kiasi chake kandokando ya Ziwa Victoria kwenyewe, hautoi ndiyo wala hapana kwa swali la kama teknolojia inaweza kuinua elimu ya msingi katika nchi maskini. Unatoa jibu lenye sharti: inategemea kifaa kimewekwa mikononi mwa nani, na mtu huyo anakifanyia kazi gani.

Tatizo ambalo vifaa huletwa kulitatua linaonekana waziwazi Kirumba, kata ya Manispaa ya Ilemela jijini Mwanza, penye uwanja wa mpira unaojulikana nchi nzima na soko la Mwaloni, ambako dagaa na samaki wa ziwani hupakiwa kwenda mikoani na nchi jirani hadi Kongo. Watu ni wengi, vyumba vya kupanga vimesongamana hadi kwenye miamba, na watoto hawahesabiki. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, wazazi waliokuwa wakisubiri waliwaleta watoto kwa mkupuo, na shule za mijini zikafurika. Katika darasa la pili la shule ya aina hii watoto watano hubanana kwenye dawati la watatu. Kitabu kimoja hushikwa na wawili au watatu, na aliyekaa katikati ndiye anayesoma. Mwalimu huandika silabi ubaoni, ba, be, bi, bo, bu, na darasa zima huitikia kama kwaya. Kwaya hiyo huficha jambo: watoto wa nyuma wameshika wimbo, herufi hawajazishika. Akiitwa mmoja mbele na kuonyeshwa "bo" peke yake, nje ya foleni yake, huanza kuimba kimoyomoyo tangu "ba" ili aifikie.

Tathmini ya mpango wa Uwezo ya mwaka 2011, iliyofanywa majumbani Tanzania Bara, ilikuta kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la tatu ni takriban 3 tu walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kwa hadithi ya Kiingereza alikuwa takriban 1. Serikali ilijibu mwaka 2015 kwa mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliotenga sehemu kubwa ya muda kwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hata hivyo mtaala hufundishwa na mtu. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 katika shule za Tanzania ulikuta kwamba katika ziara za kushtukiza karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani, ilhali wengi wao walikuwa ndani ya uzio wa shule: ofisini, chini ya mwembe, wakisahihisha madaftari, wakijaza fomu. Takwimu hiyo iliwaudhi walimu, na wana hoja. Mwenye watoto 120 na vipindi 6 kwa siku akisahihisha wakati wa kipindi, hakwepi kazi. Anachagua ni kazi ipi ya siku hiyo itakayokufa.

Ziwa nalo lina sehemu yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Asubuhi inayofuata kuna mzigo wa kuanika na kugeuza, na mikono midogo huhitajika. Tena maji ya ziwa yana kichocho. Wilayani Busia, upande wa Kenya wa ziwa hilihili, utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia shule 75 zilizopewa dawa za minyoo na kichocho kwa awamu, ukakuta utoro umepungua kwa takriban robo. Kidonge hakiitwi teknolojia ya elimu na hakuna waziri anayepiga picha nacho, ila kwa kumrudisha mtoto darasani kwa bei ndogo kimevishinda vifaa vingi vyenye waya.

Historia ya teknolojia na elimu katika kanda hii haikuanza na kompyuta. Mwaka 1968 UNESCO na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, pamoja na serikali ya Tanzania, walianzisha Mwanza makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa kwa watu wazima wa mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vya kusomea viliandikwa kufuata kazi za watu: pamba kwa wakulima wa Usukuma, ndizi kwa Wahaya, uvuvi kwa watu wa mwaloni, mapishi na malezi kwa kina mama. Redio na filamu viliingizwa kama wasaidizi wa mwalimu wa kisomo, ambaye mara nyingi alikuwa mwanakijiji mwenzao. Baadaye Mwanza ikapata gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili waliojifunza kusoma wasikose cha kusoma. Kitaifa, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu katika vikundi kuzunguka redio, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka takriban theluthi mbili ya watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Hesabu hizo zina ukarimu wake, lakini mwelekeo haubishaniwi. La kuzingatia ni mpangilio: redio ilisema, kiongozi akasimamisha mazungumzo, kitabu kikabaki nyumbani. Redio haikuachwa peke yake na watu.

Upande wa watoto mambo yalikwenda kwa kasi nyingine. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotolewa na chama cha TANU katika mji wa pwani ya mashariki ya ziwa hili, lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya kusubiri muongo mwingine. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba na kufundishwa kazini, sehemu ya mafunzo hayo kwa posta na kwa redio. Watu wenye ulimi walikitafsiri upya kifupi cha mpango huo, UPE, kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Kejeli hiyo haikuwatendea haki wengi walioishia kuwa walimu hodari, lakini ilieleza hofu iliyopo hadi leo kila kinapoletwa kifaa: kwamba kinaletwa ili kuziba pengo la mwalimu ambaye hakuandaliwa.

Redio ya darasani ndiyo teknolojia ambayo rekodi yake ni nzuri kuliko umaarufu wake. Katika ufundishaji wa redio shirikishi sauti huuliza, hunyamaza kwa sekunde zilizopimwa, watoto hujibu na kuruka, kisha sauti huendelea. Mbinu hiyo ilijaribiwa kwa hesabu nchini Nicaragua katika miaka ya 1970, ikasambaa. Zanzibar iliitumia kuanzia mwaka 2006 katika mradi wa RISE wa shirika la EDC, uliofadhiliwa na Marekani, kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze vilivyowafikia watoto wa awali na wa darasa la kwanza, wakiwemo waliosoma katika vituo vya mitaani visivyo na jengo la shule. Mlezi wa kituo hakuhitaji cheti cha ualimu. Alihitaji redio inayosikika, mwongozo wa kipindi na saa ileile kila siku. Sauti ya redio humbeba mwalimu dhaifu mkononi na haimzuii aliye hodari kwenda mbele. Udhaifu wake ni kwamba haimwoni mtoto. Aliyebaki nyuma hubaki, kipindi kinasonga.

Runinga imekuja na nguvu ya aina nyingine. Ubongo Kids, katuni ya hesabu na sayansi iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kuonyeshwa na TBC mwanzoni mwa mwaka 2014, ikafuatwa na Akili and Me kwa wadogo wa umri wa awali. Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwapima watoto wa Morogoro waliotazama Akili and Me kwa wiki chache. Walipiga hatua kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine katika mambo kama kuchora maumbo, kutambua namba na kuhesabu. Mwanza, penye vibanda vya kuonyeshea mpira kila mtaa, haihitaji kueleweshwa namna watoto wanavyomeza picha. Mtoto wa chumba kisicho na runinga hutazamia mlangoni kwa jirani. Kwa kila mtoto gharama ni ndogo mno kwa sababu kipindi kikishatengenezwa hakiliwi na mtazamaji. Lakini katuni hufungua mlango, haimfundishi mtoto kusoma aya nzima. Kusoma aya kunataka mazoezi ya kila siku na mtu wa kusikiliza.

Kabla vishikwambi havijafika, watafiti walishapima vifaa vya kawaida, na matokeo yalipaswa kuwatia watu tahadhari. Huko Busia na Teso, Paul Glewwe, Kremer na wenzao walizifuatilia shule 178, nusu yao zikiwa zimepewa chati za kutundika ukutani. Matokeo ya mitihani hayakutofautiana. Vitabu vya kiada vilivyogawiwa Busia viliwanufaisha waliokuwa tayari mbele tu, kwa kuwa viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Tanzania nayo ilifanya jaribio lake. Katika KiuFunza, utafiti ulioendeshwa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10, shule zilizopewa ruzuku ya fedha pekee hazikuonyesha nyongeza ya ujifunzaji ingawa matumizi ya vifaa yaliongezeka. Zilizopewa ruzuku pamoja na bakshishi kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu alama zao ziliongezeka wazi, na nyongeza hiyo ilizidi jumla ya athari za kila kimoja kikiwa peke yake. Kitabu na juhudi vilifanya kazi vikiwa pamoja.

Kwa msingi huo habari za kompyuta mikononi mwa wanafunzi hazishangazi. Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta mpakato ndogo za mpango wa One Laptop per Child. Tathmini ya mwaka 2012 katika shule 319 za vijijini ilikuta wanafunzi wanazitumia sana lakini alama zao za hesabu na lugha hazikubadilika. Rwanda ilifuata njia hiyohiyo. Kenya iliahidi kompyuta mpakato kwa darasa la kwanza katika uchaguzi wa mwaka 2013, ikageukia vishikwambi, na tangu mwaka 2016 ikasambaza zaidi ya milioni 1 katika shule za umma, kila shule pamoja na projekta na kompyuta za walimu. Kazi ya kuvisambaza ilikuwa kubwa na ilifanyika, jambo ambalo wakosoaji hulisahau. Kilichofuata ni kufuli. Mwalimu mkuu anayejua kwamba kifaa kikiibwa atajieleza yeye, huviweka stoo yenye nondo, na kishikwambi kilichotunzwa vizuri kikawa kile ambacho hakijaguswa. Lawama huwaangukia walimu wakuu, ilhali walifanya walichotakiwa kukifanya na daftari la mali za serikali.

Jaribio lililokwenda mbali zaidi lilifanyika Tanzania. Shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15 zilizotolewa na Elon Musk, lilitafuta programu ambayo mtoto angejifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, kwa miezi 15, watoto karibu 3,000 wa vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za timu 5 zilizofika fainali. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali walisimamia, na vituo vya kuchajia kwa jua viliwekwa vijijini. Kabla ya jaribio, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada yake idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 Kitkit School na onebillion waligawana ushindi.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa mara mbili. Kwanza, ni mafanikio ya kweli: mtoto ambaye hajawahi kuingia darasani aliweza kujifundisha herufi kwa lugha anayoielewa, kwa mwendo wake, kwenye kifaa kinachomsahihisha bila kumcheka. Pili, nusu ya waliokuwa hawasomi kabisa waliendelea hivyo baada ya zaidi ya mwaka mmoja, na hata waliopiga hatua hawakufika kwenye usomaji wa ufasaha. Halafu kila kijiji kilikuwa na mtu mzima wa kuangalia vifaa na kuvichaji. Waandaaji walimhesabu kama mlinzi. Yeyote aliyewahi kukaa na watoto wenye kifaa kimoja cha thamani anajua kwamba mtu huyo alikuwa zaidi ya mlinzi.

Faida ya kompyuta mkononi mwa mtoto imeonekana vizuri pale inapofanya lile ambalo mwalimu wa watoto 120 hawezi kulifanya: kumpa kila mmoja swali la kiwango chake. Jijini Delhi, programu ya Mindspark iliyotumiwa katika vituo vya baada ya masomo kwa miezi minne na nusu iliongeza alama za hesabu na Kihindi kwa kiwango ambacho tafiti za elimu hukiona mara chache. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 2019. Wanafunzi wengi walikuwa nyuma ya mtaala kwa madarasa zaidi ya mawili, na programu ilianzia pale walipo, si pale kitabu kilipo. Malawi, jirani wa Tanzania kwa upande wa kusini, imechagua njia ya katikati: programu ya onebillion kwa Kichewa, katika mpango wa serikali unaokusudia kufikia madarasa ya 1 hadi 4 ya shule zote za umma. Watoto hutumia vishikwambi kwa zamu, muda mfupi kila siku, kwa umeme wa jua na usimamizi wa mwalimu. Vifaa ni vya shule, mtoto haendi navyo nyumbani, na ratiba imebandikwa ukutani.

Mikononi mwa mwalimu, Tanzania ina uzoefu wa aina mbili. Mwaka 2007 ulianza mradi wa Elimu kwa Teknolojia, uliojulikana pia kama BridgeIT, ulioziunganisha Wizara ya Elimu, International Youth Foundation, Nokia, Pearson na Vodacom, kwa fedha za Marekani. Mwalimu wa shule ya msingi alipakua video fupi ya hesabu au sayansi kwa simu, akaunganisha simu na runinga ya darasani, akaonyesha dakika chache, kisha akafundisha kwa mwongozo ulioandamana na video hiyo. Shule takriban 150 zilishiriki, na tathmini ilionyesha alama za juu kuliko za shule za kulinganisha. Siri yake ilikuwa kwamba video haikuwa somo. Ilikuwa kichocheo ndani ya somo lililokwisha kupangwa. Mradi haukugeuka kuwa utaratibu wa nchi. Ufadhili ulipokwisha, runinga zilibaki na simu zikachakaa.

Uzoefu wa pili ni mpya. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, pamoja na vingine vilivyonunuliwa, jumla takriban 300,000, viligawiwa walimu na maofisa elimu kuanzia Novemba mwaka huo. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa Ukerewe na mwalimu wa Oysterbay jijini Dar es Salaam walishika kifaa cha aina moja. Vinaweza kubeba vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, maandalio ya somo na takwimu za wanafunzi, na vinaingia katika mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambapo walimu hukutana shuleni na kwenye vituo vya walimu kujadili kazi yao. Mashaka hayako kwenye kifaa. Yako kwenye bando, ambalo mwalimu mara nyingi hujinunulia; kwenye umeme wa LUKU unaokatika katikati ya wiki kwa sababu fungu la shule halijaingia; na kwenye swali dogo ambalo maagizo mengi hayalijibu, yaani mwalimu akifika darasani kesho saa 2 asubuhi akiwa na kishikwambi, afanye nini tofauti na jana?

Swali hilo limejibiwa vizuri zaidi Kisumu, mji wa Kenya ulio kwenye ziwa lilelile. Benjamin Piper na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia ndani ya programu moja ya kufundisha kusoma. Katika kundi la kwanza vishikwambi walipewa maofisa wanaozungukia shule na kuwashauri walimu. La pili, walimu. La tatu, wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea hadithi. Makundi yote matatu yaliyashinda yale yasiyo na programu. Baina yao hakukuwa na tofauti ya kutegemewa, wala hayakuipita programu hiyohiyo ilipoendeshwa bila vifaa hivyo. Tofauti ilikuwa kwenye gharama: ofisa mmoja hugusa shule nyingi, hivyo kishikwambi chake kilitoa matokeo yaleyale kwa sehemu ndogo ya fedha.

Kenya ililichukua somo hilo katika mpango wa Tusome ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2015. Kila mtoto wa madarasa ya mwanzo alipata kitabu chake, kila mwalimu mwongozo wa somo wa siku kwa siku, na vishikwambi walipewa maofisa wa ushauri. Ofisa alikaa nyuma ya darasa, akatazama somo, akajaza alichokiona, akawasikiliza watoto watatu wakisoma kwa kupimwa muda, kisha akazungumza na mwalimu papo hapo. Kifaa kilirekodi mahali alipokuwa, kwa hiyo ziara ya kwenye makaratasi iligundulika. Huku Tanzania mtu wa kazi hiyo ni ofisa elimu kata, ambaye kwa desturi huja shuleni kuchukua takwimu. Akipewa pikipiki, mafuta na sababu ya kuketi darasani, kishikwambi chake huenda kikamfaa mtoto wa Kirumba kuliko vishikwambi 100 vilivyofungiwa stoo. Hukumu hiyo haivutii kwenye picha za uzinduzi, na pengine ndiyo maana haijafuatwa sana.

Mikono ya mwisho ni ya mzazi. Shule za Tanzania zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona hadi za msingi zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni, masomo yalipelekwa redioni, runingani na mtandaoni, na mtandao ukawafikia waliokuwa na simu janja na fedha za bando. Botswana katika miezi hiyohiyo ilijaribu kitu cha chini kabisa: ujumbe mfupi wa swali la hesabu kila wiki, na kwa baadhi ya familia simu ya kuongea ya dakika 20 hivi, mwalimu akimwelekeza mtoto mzazi akiwa pembeni. Wale waliopigiwa simu walipata faida iliyo wazi. Jaribio hilo lilirudiwa katika nchi nyingine 5, zikiwemo Kenya na Uganda, na simu zikafaa tena. Kitochi cha mama anayeuza dagaa Mwaloni kinatosha kwa kazi hiyo; hakihitaji intaneti, na mwenyewe anajua pa kukichaji.

Hesabu ya fedha hupangua ndoto nyingi. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi Tanzania iliwekwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, kati yake 6,000 zikifika shuleni na 4,000 zikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Tuchukulie, kwa mfano tu, kishikwambi cha shilingi 300,000 kinachodumu miaka 5: ni shilingi 60,000 kwa mwaka, mara kumi ya fungu linalomfikia mtoto shuleni, bila kuhesabu kuchaji, kioo kilichopasuka wala stoo yenye nondo. Wakikigawana watoto 10 kwa zamu kinameza fungu hilo lote. Wakikigawana 40 kinaanza kulingana na kitabu kizuri. Mahesabu haya yanaelekeza kwenye vifaa vya shule vinavyotumika kwa zamu, kwenye redio na runinga, na kwenye kifaa kimoja cha mtu anayehudumia shule nyingi. Ndiyo sababu pia kamati ya wataalamu iliyokusanywa na Benki ya Dunia na serikali ya Uingereza, katika ripoti yake ya mwaka 2020 ya matumizi bora ya fedha za elimu, iliviweka vifaa vinavyogawiwa peke yake katika kundi la manunuzi mabaya, huku ikiusifu ufundishaji uliopangwa na kumfundisha mtoto kulingana na kiwango chake.

Gharama nyingine ni ya kuviendeleza vifaa kwa muda mrefu. Miradi mingi iliyotajwa hapa iliishi kwa fedha za nje, za Marekani hasa, na mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, programu za kusoma za Afrika Mashariki zilisimama ghafla, nyingine katikati ya muhula. Kulinganisha na ziwa kunafaa. Wavuvi wa dagaa walikuwa wakitumia karabai za mafuta ya taa. Miaka ya karibuni wengi wamehamia taa za LED zinazochajiwa, kwa sababu kila mvuvi aliona mwenyewe mafuta aliyookoa kwa usiku mmoja. Hakuna aliyehitaji ripoti ya tathmini. Katika kisiwa cha Ukara, kaskazini mwa Ukerewe, kampuni ya JUMEME ilijenga mwaka 2016 mtambo mdogo wa umeme wa jua kijijini Bwisya. Mashine za kusaga zikaungwa, na barafu ya samaki ikapatikana. Shule, tofauti na hapo, haina mvuvi wake, yaani mtu anayelipa, anayeona faida kesho yake na anayekasirika taa isipowaka.

Urekebishaji huonyesha hilo kwa karibu. Makoroboi, mtaa wa biashara ndogondogo katikati ya jiji la Mwanza, unabeba jina la koroboi, kibatari cha kopo ambacho vizazi vya wanafunzi wa kanda hii vilisomea usiku. Mwanza ya leo ina mafundi simu kila kona: meza ndogo, kikuza picha, kalamu ya kuchomea, na droo iliyojaa vioo vya simu zilizokufa. Kioo cha kishikwambi hubadilishwa huko kwa saa moja. Kishikwambi cha shule kilichopasuka kioo hakifiki kwenye meza hiyo. Ni mali ya serikali. Mwalimu mkuu hana ruhusa ya kukipeleka kwa fundi wa mtaani, hana fungu la kumlipa, na barua ya kuomba kitengenezwe huenda halmashauri, ambako hukutana na barua nyingine za aina hiyo. Umbali kutoka shule ya Kirumba hadi kwa fundi ni nauli ya daladala moja.